Nani Alishika Penseli? Historia ya Mistari Tuliyochora Baharini

Nenda soko la Daraja Mbili, Kisii mjini, mwezi wa Mei. Ulizia omena. Ukilalamika kwamba bei imepanda, mama anayeuza atakujibu kwa maneno mawili tu: "Ziwa limefungwa." Kisha ataendelea kujaza gorogoro yake kama kawaida.

Nimekua nikisikia hayo maneno na sikuwahi kuuliza yanamaanisha nini. Ziwa lina mlango? Ufunguo anao nani? Baadaye ndio nikajua kwamba upande wa Kenya, uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria husimamishwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, ndio samaki wapate nafasi ya kuzaana. Mvuvi anakaa nyumbani. Mama wa Daraja Mbili anatafuta mzigo wa kutoka mbali. Wewe na mimi tunalipa zaidi. Kila mtu anagharamia hiyo amri, ila si kila mtu anagharamia sawa.

Naleta hii stori kwa sababu ya jambo lililonitokea mwenyewe. Chini ya boma letu kuna kinamasi. Watu wanafyatua matofali pale, wengine wanalima nduma, wengine wanakata mafunjo, ng'ombe wanakunywa maji, na wamama wanachota ya kupikia. Kulipoanza maneno kwamba kinamasi kilindwe, mimi niliandika hapa hapa kwamba watu wa matofali watolewe wote, hata kesho. Mlinipigia makofi sana. Jioni yake baba mdogo akanipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Momura, ile karo ya chuo niliyokuchangia, unadhani ilitoka wapi?"

Ilitoka kwenye tanuri la matofali. Chuo chenyewe sikumaliza, mnajua hiyo stori, lakini deni ni deni. Nilikosa jibu.

Basi nikaamua kusoma. Nikajiuliza: ni wapi Kenya imekuwa ikichora mistari kwenye maji kwa muda mrefu zaidi, ikisema hapa ingia, hapa usiingie? Jibu ni baharini. Najua mtasema Omogusii na bahari wapi na wapi. Lakini fuata maji. Mto Gucha, ule wengine wanauita Kuja, unaanzia nyanda za juu za Kiabonyoru huku Nyamira, unapita Kisii, unashuka Migori na kuingia Ziwa Victoria. Ziwa linatoa Nile, na Nile inamwaga Bahari ya Mediterania. Kwa hivyo sisi pia tuko juu ya bahari, ila bahari yetu iko mbali kidogo. Tulia nikupe historia.

Kabla ya mistari

Kitu cha kwanza: msidhani watu wa pwani walikuwa wakivua ovyo mpaka serikali ikaja kuwafundisha. Pwani ya kusini, kwa Wadigo, kulikuwa na mizimu, sehemu za heshima, nyingine ziko hapo hapo kwenye miamba ya baharini. Wazee walitoa sadaka pale, na zilikuwepo kanuni za nani avue wapi, kwa zana gani, na lini. Halafu kulikuwa na upepo wenyewe. Kaskazi ikivuma, bahari inatulia na watu wanaenda mbali. Kusi ikija, kuanzia kama Aprili, mawimbi yanapanda na mwenye ngalawa ndogo anabaki ndani ya miamba au anarudi shambani. Bahari ilikuwa inapumzishwa na hali ya hewa.

Zana pia zilikuwa za kiasi: malema, mishipi, nyavu za kusuka kwa mkono. Si kwamba watu wa zamani walikuwa malaika. Ni kwamba walikuwa wachache, na walijuana. Ukivunja kanuni, aliyekushika alikuwa jirani yako, na kesho mtakutana msikitini au matangani.

Kumbuka hilo neno "jirani". Litarudi.

1968: mstari wa kwanza

Mwaka 1962 kulikuwa na mkutano mkubwa wa dunia kuhusu mbuga za kitaifa huko Seattle, Marekani. Moja ya mambo yaliyopendekezwa ni kwamba nchi zenye pwani zianze kulinda sehemu za bahari kama zinavyolinda misitu na nyika. Mwaka 1964 Afrika Kusini ikatenga Tsitsikamma. Mwaka 1968 Kenya, ikiwa na miaka mitano tu ya uhuru, ikatangaza mbuga mbili za baharini kwa mpigo: Malindi na Watamu. Aliyekuwa akiongoza mbuga za kitaifa wakati huo ni Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kushika hicho kiti. Kwa hivyo ile hadithi ya "wazungu ndio walituletea" ina ukweli, lakini haijakamilika. Sisi wenyewe tulishika penseli mapema.

Sababu zilikuwepo. Utalii ulikuwa umeanza kushika kasi Malindi, na watu walikuwa wakiokota kome na kuvunja matumbawe ili wauze kama mapambo. Mtu anaenda nyumbani Ulaya na kipande cha bahari yetu, anakiweka juu ya kabati.

Sasa elewa maneno mawili, kwa sababu mabishano yote yanatoka hapo. Kwa sheria yetu, mbuga ya baharini ni mahali ambapo huruhusiwi kutoa kitu chochote. Samaki, kome, hata mchanga, unaacha. Unaruhusiwa kuogelea, kupiga mbizi na kutazama. Hifadhi ya baharini ni laini kidogo: uvuvi wa zana za jadi unaruhusiwa. Mbuga ya Malindi ni ndogo, kilomita za mraba 6 na kitu. Ya Watamu ni kama 10. Hifadhi inayozizunguka ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 200. Ukiangalia ramani utasema, ah, wavuvi wameachiwa sehemu kubwa, wanalia nini?

Lakini bahari si shamba la chai ambalo kila hatua inatoa majani sawa. Samaki wa karibu, wale ambao mtu mwenye mtumbwi bila injini anaweza kuwafikia na kurudi kabla ya jua kuwaka, wanakaa kwenye miamba. Na miamba mizuri zaidi ndiyo iliyowekwa ndani ya mbuga. Ni kama nikuambie nimekuachia ekari tisa na kuchukua moja tu, kumbe ile moja ndiyo yenye chemchemi.

Na angalia waliobaki ndani. Mwenye boti la kioo anaingia. Mtalii analipa anaingia. Pesa ya kiingilio inaenda serikalini. Anayetoka ni mvuvi. Kwa hivyo tukisema "eneo limelindwa dhidi ya binadamu", tunajidanganya. Limelindwa dhidi ya binadamu fulani, kwa ajili ya binadamu wengine. Labda ni sawa. Labda kwa hesabu ya nchi nzima ina faida. Lakini tuseme hivyo kwa mdomo wazi.

Kifutio nacho kipo

Twende kusini, karibu na mpaka wa Tanzania. Mwaka 1973 eneo la Kisite na Mpunguti, mkabala wa Shimoni na kisiwa cha Wasini, likatangazwa. Mwaka 1978 mipaka ikachorwa upya: Kisite ikabaki mbuga, Mpunguti ikawa hifadhi ambapo uvuvi wa jadi unaruhusiwa. Miaka mitano tu na mstari ukabadilika. Nilipenda sana kujua hiyo, kwa sababu tunazoea kuongea kuhusu mipaka ya mazingira kana kwamba ilishuka na Musa mlimani. Iliandikwa na watu ofisini, na watu ofisini wanaweza kuifuta.

Wasini pia kuna kitu kingine. Wanawake wa kisiwa walijenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na matumbawe ya zamani yaliyoinuka nchi kavu, na mgeni akitaka kupita analipa. Hapo mlinzi wa mikoko na anayekula kutokana na mikoko ni mtu mmoja. Hakuna haja ya kumfukuza mtu ili mti ubaki.

Mwaka 1986 ikaja Mombasa. Fikiria ufuo wa Nyali, Bamburi, Shanzu. Mahoteli yamepangana, wavuvi wana bandari zao ndogo katikati ya mahoteli, vijana wanauza vinyago na safari za boti, familia kutoka bara zinakuja Desemba kuogelea, na ng'ambo kidogo meli zinaingia bandarini. Hapo ndipo mbuga ikachorwa. Kwa miaka ya kwanza mstari ulikuwa kwenye karatasi tu. Shirika la KWS lilipoanza kazi 1990, ndipo ulinzi ukaanza kuwa wa kweli, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wavuvi wakatolewa.

Hapa kuna somo la sayansi ambalo lilinishika. Kuna samaki anaitwa kikande. Kikande anakula yule mdudu wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi, ule ukikanyaga unalia siku tatu. Ukivua vikande wote, wadudu wa miiba wanaongezeka, na wao wanakwangua mwamba mchana na usiku mpaka matumbawe yanabaki vifusi. Matumbawe yakiisha, samaki hawana nyumba. Kwa hivyo mvuvi anayevua kila kitu anabomoa nyumba ambayo kesho angependa kuikuta. Hili halina siasa. Limepimwa kwa miaka mingi kwenye pwani yetu, ndani ya mbuga na nje, na mtafiti Tim McClanahan na wenzake.

Lakini mtafiti huyo huyo, pamoja na Boaz Kaunda-Arara, walichapisha mwaka 1996 hesabu ya kilichotokea Mombasa baada ya kufunga. Samaki ndani ya mbuga walirudi. Mvuvi aliyebaki jirani na mpaka alipata zaidi kwa kila safari. Mpaka hapo watu wa mazingira wanashangilia. Ila jumla ya samaki waliofika ufuoni ilipungua, kwa sababu eneo la kuvua lilikuwa limekuwa dogo na wavuvi wengi walikuwa wameondoka. Soma hiyo mara mbili. Waliobaki walifaidika. Walioondoka hawamo kwenye wastani.

Baba mdogo yumo kwenye kundi gani? Hilo swali lilinikaa kichwani usiku mzima.

Mstari uliokataliwa

Mwaka 1995 serikali ikatangaza hifadhi ya Diani-Chale, pwani ya kusini. Si mbuga. Ni hifadhi, ile laini. Kwa sheria mvuvi wa jadi angeendelea kuvua. Ungetarajia wakubali, sivyo?

Walikataa. Walikuwa wameona Mombasa. Walijua leo inaitwa hifadhi, kesho inaweza kuitwa mbuga, na kesho kutwa ufuo una ukuta wa hoteli. Diani walikuwa tayari wameona njia za kwenda baharini zikibanwa na majengo. Kwa hivyo hifadhi hiyo ikakaa kwenye gazeti la serikali miaka na miaka bila kuwa na nguvu majini. Hakuna aliyeshinda. Mvuvi hakupata ulinzi wa samaki wake, serikali haikupata hifadhi yake, na miamba iliendelea kuliwa.

Nilipofika hapa nilielewa kitu kuhusu kijiji chetu. Wazee wanapokataa mambo ya kinamasi, sisi vijana tunasema hawajasoma. Si kweli. Wamesoma, ila kitabu chao ni kile walichofanyiwa mara ya mwisho.

Vijana wenzangu, kuna sehemu yetu pia. Mwaka 2001 Kenya ilipiga marufuku juya, ule wavu mrefu unaovutwa na kundi la watu mpaka ufuoni. Juya halichagui. Linakokota mkubwa na mdogo, linafagia nyasi za bahari na kuvunja matumbawe. Kulipiga marufuku ni jambo la akili. Lakini uliza ni nani huvuta juya. Mara nyingi ni kijana asiye na mtumbwi, asiye na mshipi wake mwenyewe, ambaye tajiri wa wavu anamwambia njoo uvute, jioni utapata fungu lako. Sheria ilipokuja ilishika wavu. Ile shida iliyompeleka kijana kwenye wavu ikaachwa ufuoni. Ndio maana juya liliendelea kuonekana miaka mingi baada ya marufuku. Sasa linganisha na kijana wa kwetu anayelipwa kwa kila tofali analofyatua kwenye kinamasi ambacho si chake.

Na usisahau wakubwa. Ukiuliza nani anaharibu bahari, vidole vyote vinaelekea kwa mvuvi. Lakini Lamu, uchimbaji wa bandari mpya ulipoanza kuvuruga sehemu za kuvulia, wavuvi walienda kortini. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe fidia ya karibu shilingi bilioni 1.76, kwa wavuvi kama 4,600. Jambo halikuishia hapo, mazungumzo ya nani alipwe na kwa njia gani yaliendelea miaka. Lakini mahakama ilikuwa imesema kwa sauti: mvuvi ni mtumiaji wa bahari mwenye haki, hawezi kusukumwa pembeni kama boya.

Halafu kuna adui ambaye hasomi ramani kabisa. Mwaka 1998, wakati wa ile El Niño, maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakawa meupe na kufa. Ndani ya mbuga na nje ya mbuga. Askari wa boti anaweza kumkamata mtu mwenye lema. Joto hamkamati. Kwa hivyo mstari peke yake hautoshi, hata ukichorwa vizuri.

Kuruwitu: penseli mkononi mwa mvuvi

Sasa twende Kuruwitu, karibu na Vipingo, kaunti ya Kilifi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa pale waliona samaki wanaisha. Hawakuhitaji mtafiti, waliona kwenye kikapu. Mwaka 2003 wakaunda chama chao. Mwaka 2005 wakakubaliana kufunga kipande cha bahari yao wenyewe, kama hektari 30, wasivue humo kabisa. Eneo la namna hii linaitwa tengefu. Hektari 30 si kitu ukilinganisha na Malindi.  Lakini hicho kipande kiliwekwa na watu ambao wangelala njaa kama mpango ungeshindwa.

Haikuwa rahisi. Ukimwambia mvuvi aache sehemu ya karibu kwa matumaini ya samaki wa miaka ijayo, wakati mtoto anataka kula leo, unategemea akupe jibu gani? Walibishana. Lakini walibishana wao kwa wao, na wale wa kulinda walitoka humo humo. Lile neno "jirani" limerudi.

Samaki walirudi. Matumbawe na nyasi za bahari zikapata nafuu. Wageni wakaanza kuja kutazama. Mwaka 2017 Kuruwitu wakapewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na vijiji vingine vya pwani vikaanza tengefu zao. Sheria nayo ikawafuata nyuma: mwaka 2007 zikatungwa kanuni za BMU, zile kamati za ufuo, ambazo zinawapa wavuvi nguvu ya kisheria ya kusimamia sehemu zao. Kamati hizo hizo ndizo ziko pia kwenye ziwa letu. Kwa hivyo mama wa Daraja Mbili akisema ziwa limefungwa, sehemu ya ufunguo iko kwa wavuvi wenyewe.

Sitaki niwauzie Kuruwitu kama muujiza. Tengefu ndogo haiwezi kulinda samaki anayesafiri mbali. Haizuii meli kubwa wala joto. Na "jamii" si mtu mmoja: kuna mwenye boti na asiye na boti, kuna mzee wa kamati na mwanamke anayetafuta pweza kwa miguu maji yakitoka, ambaye pengine hakuitwa kwenye kikao. Majirani zetu Tanzania walijaribu njia nyingine kwenye Kisiwa cha Mafia, mbuga iliyotangazwa 1995. Badala ya kuwatoa watu, mbuga ilichorwa na vijiji vikiwa ndani, kisha maji yakagawanywa kanda kwa kanda: hapa usiguse, hapa vua kwa zana fulani, hapa vua kawaida. Wazo zuri. Na bado kulikuwa na vijiji vilivyogombana na mbuga kwa miaka. Kuwa ndani ya mpaka si sawa na kuwa na sauti ndani ya mpaka.

Turudi kinamasini

Kuna kanuni za kitaifa za mwaka 2009 kuhusu mazingira, na jina lake linataja pamoja ardhi oevu, kingo za mito, kingo za maziwa na ufuo wa bahari. Yaani kwa macho ya sheria, kinamasi cha Sironga kule Nyamira na ufuo wa Diani wako kwenye karatasi moja. Kanuni hizo zinataka ukingo wa mto uachwe, si chini ya mita 6, si zaidi ya mita 30, kulingana na mto.

Piga hesabu nami. Mashamba yetu Gusii yanashuka kutoka mgongo wa kilima mpaka mtoni kama vipande vya utambi. Nusu ekari ni karibu mita za mraba 2,000. Tuseme upana ni mita 20 na urefu mita 100. Mstari ukiwekwa mita 6, unapoteza mita za mraba 120. Unasikitika, unaendelea na maisha. Ukiwekwa mita 30, unapoteza 600, karibu theluthi moja ya shamba, na ndiyo theluthi yenye unyevu wakati wa kiangazi. Jirani yako wa juu kilimani hapotezi hata hatua moja, na maji masafi atakunywa. Hii ndiyo Malindi ya 1968, ila sasa ni ya nduma na mikaratusi.

Na mikaratusi yenyewe mnakumbuka. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Sababu ilikuwa ya kweli, ule mti unakunywa maji. Lakini tembea leo kandokando ya mito yetu uniambie kama imeisha. Mti ule ndio nguzo ya nyumba, ndio kuni za kiwanda cha chai, ndio benki ya mzee ambaye hana benki. Ukiung'oa bila kuweka kitu mahali pake, utaota tena. Ni ile stori ya juya.

Sasa, je, nimebadilisha msimamo? Nusu. Bado naamini kinamasi kinafaa kulindwa. Mashimo ya matofali yameacha maji yaliyotuama, na chemchemi ambayo magokoro alikuwa akituma tukachote sasa inatoa matone. Hiyo siwezi kuificha ili kumfurahisha baba mdogo. Kikande akiisha, mwamba unaisha. Mafunjo yakiisha, mto unaisha. Kanuni ni ile ile.

Kilichobadilika ni swali. Zamani niliuliza, "Watolewe lini?" Siku hizi nauliza matatu. Kwanza, nani anapoteza, kwa majina, si kwa wastani? Pili, anapewa nini kabla ya kutoka, si baada ya miaka kumi kortini? Tatu, yeye mwenyewe alikuwa mezani wakati mstari unachorwa, au aliitwa barazani kusomewa?

Nilirudi kwa baba mdogo Jumapili nikiwa na hayo maswali. Nilimweleza habari za Kuruwitu. Alinyamaza muda, akaniuliza kama wale wavuvi walianza kwa kufunga bahari yote. Nikamwambia hapana, hektari 30 tu. Akaangalia chini kule kinamasini, akaonyesha kwa fimbo upande wa juu, pale penye chemchemi. "Pale," akasema, "hata sisi tunajua hapafai kuchimbwa. Hakuna mtu aliwahi kutuuliza."

Hakusema ataacha matofali. Hakusema pia kwamba hataacha. Lakini kuna kikao mwezi ujao, na kwa mara ya kwanza watu wa matofali wamesema watakuja wenyewe, na wamama wa kuchota maji wamesema hawatakaa nyuma. Mimi nitakuwepo, nimekaa kimya na daftari. Ile posti yangu ya kwanza sijaifuta, nimeiacha muione, na hii nimeiweka chini yake.

Kama kwenu kuna mto, kinamasi au ufuo ambao watu wanagombania, niandikie uniambie nani alishika penseli.